Kufungiwa Kigali, Kuachiwa Nyasa

Nyamirambo, Kigali
11 Aprili 2020, Jumamosi Kuu

Dada Agripina,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Mdogo wako Othmar ni mzima. Kikohozi sina, homa sina. Naanza na hilo kwa sababu wewe muuguzi ndilo utakalolitafuta kwanza. Mwambie Mama hivyo hivyo kwa Kimatengo, asije akadhani unamficha. Miguu yake inaendeleaje? Na muhogo wa bondeni mmeshang'oa?

Naandika kwenye karatasi kwa sababu Mama anapenda barua ya kushika mkononi, na simu ya huko kwenu mpaka mtu apande mwambani ndipo asikike. Barua anaichukua Cuthbert wa Kigonsera, yule niliyesoma naye, anayeleta saruji hapa kwa lori. Siku hizi mpaka wa Rusumo unavukwa na malori ya mizigo tu. Watu hatuvuki.

Leo ni siku ya ishirini na moja tangu tufungiwe. Shule yetu imefungwa, Kiswahili changu nakifundisha ukuta. Kanisa limefungwa. Kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma ni hatua saba, nimezizoea kuliko nilivyozoea njia ya kwenda kazini. Ukitoka ni kwenda dukani, na polisi atakuuliza ni duka lipi na unanunua nini. Pasaka ya kesho nitaisikiliza redioni.

Hata hivyo silalamiki. Naamini wamefanya sawasawa. Ugonjwa huu unatembea kwa miguu ya watu. Watu wakikaa, nao unakaa. Nasikia huko shule zimefungwa lakini makanisa na minada vinaendelea. Mmeweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, halafu ndani watu mia tatu wanaimba. Wewe mwenye cheti cha uuguzi, hilo unaliona sawa? Nijibu kama muuguzi, usinijibu kama dada.

Wako,
Othmar


Ufukweni, Nyasa
24 Mei 2020

Mdogo wangu Othmar,

Marahaba, na Milele Amina. Barua yako imefika Ijumaa, wiki ya sita hii. Cuthbert alizuiwa Rusumo siku kumi na nne akisubiri majibu ya vipimo, analala chini ya lori lake. Alipofika Kigonsera mkewe akamwekea chakula nje ya nyumba siku nyingine saba, kwa woga wake mwenyewe, hakuambiwa na mtu.

Mama hajambo. Miguu inavimba jioni, asubuhi inanywea. Muhogo tumeng'oa, umelowekwa. Usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, mwaka huu wapo wengi hadi tunawaanika juu ya mapaa. Mama amenisomesha barua yako mara tatu. Pale unaponisuta nimeparuka.

Umetaka jibu la muuguzi. Mwezi wa nne mwenyekiti wetu wa kijiji, kwa hofu ya redio, alijitungia amri yake: mialo ya mitumbwi ifungwe, watu wakae majumbani. Ilidumu siku nne. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili hapakuwa na mboga. Hapa mtu anakula alichovua leo, Othmar, hana mshahara unaomfuata kitandani. Siku ya nne Beatha, mke wa fundi mitumbwi, alikuja zahanati amembeba binti yake anatetemeka mwili mzima. Malaria. Alikuwa na homa tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza, "Mbona hukumleta?" Akasema, "Tuliambiwa tusitoke." Mtoto amepona, ila sikio la kushoto halisikii tena. Korona haikumgusa. Amri ndiyo iliyomgusa.

Kwa hiyo ukiniuliza, nasema watu wanawe mikono, wazee wasibanwe kwenye msongamano, mgonjwa akae kwake, na wengine waachwe watafute riziki. Huko mna maduka na serikali inayogawa unga. Huku tuna ziwa.

Kuna na hili la wagonjwa wa kifua. Hukuuliza, lakini najua umetaka kuuliza. Wapo, kama kila mwaka. Hilo tuliache.

Mama anasema uvae soksi, Kigali kuna baridi.

Dada yako,
Agripina


Nyamirambo, Kigali
30 Juni 2020

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mama yupo imara. Soksi navaa. Tumefunguliwa kidogo tangu mwezi wa tano, lakini kanisa bado, shule bado, na saa za usiku hakuna kutoka. Barakoa ni lazima ukivuka kizingiti. Siku moja nilishusha yangu kidevuni nipumue, nimetoka kupanda kilima. Polisi walinikamata, nikachelewa kurudi nyumbani siku hiyo. Sitaki kuielezea.

Habari ya mtoto wa Beatha imenikaa. Nami nina yangu.

Mwenye nyumba wangu, Bibi Mukandori, unamkumbuka, ndiye aliyenifundisha kusalimia kwa Kinyarwanda. Alikuwa na kisukari. Mwishoni mwa Aprili alizidiwa. Gari la wagonjwa lilikuja na watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni, wakampandisha. Mwanawe anaishi mtaa wa pili tu, lakini hakuruhusiwa kuongozana naye. Mimi nilisimama mlangoni kwangu. Bibi alininyooshea mkono nami nikabaki pale pale, kwa sababu ndivyo tulivyoagizwa. Alikaa huko siku tano bila kuona uso wa mtu anayemjua. Haikuwa korona. Amezikwa na watu sita, mwanawe akiwa mmoja wao, na mimi nilikuwa hapa nahesabu hatua saba.

Usidhani nimesema hivyo ili ushinde. Hapa waliokufa kwa ugonjwa ni wachache sana, tunatangaziwa kila jioni kwa idadi. Nyinyi wangapi? Tangu mwanzoni mwa Mei sisikii idadi yoyote ya kwetu. Jambo lisilohesabiwa, dada, unawezaje kusema ni dogo?

Msomee Mama habari za Bibi Mukandori. Kila barua ikifika, Bibi alikuwa akiniulizia habari za Mama.

Othmar


Ufukweni, Nyasa
6 Septemba 2020

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama nimemsomea. Aliniambia niirudie ile sehemu ya mkono. Kisha akaenda kupalilia mchicha.

Huku maisha yamerudi. Shule zimefunguliwa, harusi zinafungwa, minadani watu wamejaa. Ndoo zile za kunawia zimekauka, nyingine watu wamechotea maji ya kunywa. Wiki iliyopita mtu ameniuliza kama korona ilikuwa kweli au redio tu.

Kuhusu idadi sina la kukuandikia.

Mama anakutaka. Anasema mwaka wa pili huu hajakuona, na hajui miguu itambeba mpaka lini. Kahawa ya mjomba Ignatio kule Matiri imeanikwa, amekuwekea debe. Mpaka ukoje siku hizi? Wewe ndiye uliye karibu nao.

Agripina


Nyamirambo, Kigali
18 Oktoba 2020

Dada,

Shikamoo. Msalimie Mama sana, na mjomba kwa kahawa.

Mpaka bado umefungwa. Wanapita wa malori tu. Ningekuwa na njia ningekuwa nimeshafika. Mwambie Mama avumilie, Krismasi ikipita tutaona.

Shule zinafunguliwa kwa mafungu, kwa hiyo kazi ipo. Nisamehe kwa ufupi.

Othmar


Ufukweni, Nyasa
24 Januari 2021

Mdogo wangu Othmar,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuletea habari ya msiba. Mjomba Ignatio amefariki tarehe nane, kule Matiri. Kifua kilimbana siku sita. Sisi wa ziwani tulipanda mlimani kuzika, mimi, Mama na shangazi Tadea. Matanga yalikuwa makubwa kwa sababu mjomba alikuwa mtu wa watu. Unaijua Matiri mwezi wa kwanza, mvua na baridi, kwa hiyo wanawake tulilala ndani, mlango umefungwa, moto katikati. Nyimbo ziliimbwa vizuri.

Mama amerudi na uchovu wa safari. Anapumzika. Usiwe na wasiwasi.

Nasikia Kigali mmefungiwa tena. Pole. Kaa ndani kama wanavyosema.

Agripina


Nyamirambo, Kigali
27 Februari 2021

Agripina,

Sianzi na salamu, utanisamehe au hutanisamehe.

Tarehe tatu ulipanda mwambani ukanipigia. Uliniambia maneno manne: Mama ametutoka leo alfajiri. Simu ikakatika. Nilikuwa nimefungiwa ndani ya chumba hiki, siruhusiwi hata kufika stendi. Mlimzika tarehe nne. Nilikaa kitandani na viatu miguuni siku nzima, kama mtu anayesubiri gari.

Jana Cuthbert amefika. Alikuwepo mazishini. Ameniambia Mama aliugua siku kumi na nane. Kumi na nane. Barua yako ya tarehe ishirini na nne imeandikwa katikati ya siku hizo, nawe umeandika uchovu wa safari. Barua hiyo imenifikia Mama akiwa ameshazikwa siku ishirini na mbili.

Wewe ndiye uliyesema watu waachwe. Wewe ndiye uliyempandisha Matiri mama wa miaka sabini na tatu, ukamlaza kwenye chumba kilichofungwa na wanawake wanaokohoa, ukasifia nyimbo. Barakoa ulikuwa nayo? Wewe mwenyewe muuguzi, ulikuwa nayo?

Na kwa nini hakupelekwa hospitali? Mbinga kuna hospitali, kuna mitungi ya hewa. Naomba jibu la hilo moja tu.

Othmar


Ufukweni, Nyasa
6 Juni 2021

Othmar,

Nimekaa na barua yako miezi miwili na zaidi. Niliianza kuijibu mara nyingi, nikaishia kwenye tarehe. Leo ni Jumapili, zahanati ina watu wachache, nitaimaliza.

Sisi wa nyumbani ni wazima. Shangazi Tadea alilala wiki tatu akainuka, ila hapandi tena kilima cha kanisani bila kukaa njiani.

Barakoa sikuwa nayo. Zilikuwepo kabatini zahanati, boksi zima. Mganga wetu mfawidhi, Festo, alikuwa ameniomba mwezi wa kumi na mbili tusizivae. Alisema, "Sista, tukizivaa watu watakimbilia porini kwa waganga, hata wajawazito hatutawaona." Nikamkubalia, na sikumkubalia kwa woga. Nilikuwa namfikiria mtoto wa Beatha. Mwezi wa kwanza tukaanza kupokea wazee wa kifua, watatu kwa siku, wanne. Tuliandika nimonia. Hatukuwa na kipimo cha kuandika kingine, lakini mimi na Festo tulipokuwa tunaandika hatukutazamana. Yeye mwenyewe alilala kitandani wiki mbili. Alipopona alilifungua lile boksi.

Nilimpandisha Mama Matiri. Alitaka kumzika kaka yake na mimi nikasema twende. Sitafuti pa kuliweka hilo, nalibeba mwenyewe.

Sasa swali lako moja. Nilitaka nisikujibu kamwe, na ndiyo sababu ya uchovu wa safari, na ndiyo sababu ya miezi hii. Umenilazimisha.

Siku ya kumi Mama hakuweza tena kulala chali. Alikaa ameegemea ukuta, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kukimbia. Nilimwita kijana wa gari la Noah, nikafunga nguo kwenye kitenge. Mama akashika mguu wa kitanda. Akasema, "Siendi." Nikamwambia kuna hewa ya mitungi. Akasema, "Huko watanifungia. Watavaa meupe, nitanyoosha mkono asije mtu. Othmar ameandika." Nikamwambia hapa si Kigali, nitakaa naye, sitaondoka. Akasema, "Yule bibi naye alikuwa na mwana mtaa wa pili."

Nilimbembeleza siku tatu. Siku ya nne nilitaka kumbeba kwa nguvu, nikashindwa, si kwa uzito wake. Alifia mikononi mwangu, ndani ya nyumba yake, watu wote wamemzunguka, mlango wazi. Alichokitaka alikipata. Kama ningemlazimisha labda angekuwa hai. Labda Mbinga wangetuhamishia Songea, angekufa njiani pale Kitai. Sijui, na kila siku najiuliza.

Sikuandiki haya ili nikuumize. Ila umenihesabia siku kumi na nane, nami nina siku za kukuhesabia. Cuthbert aliniambia kuhusu Oktoba. Sitasema zaidi. Utasema mwenyewe.

Dada yako,
Agripina


Mbinga mjini
14 Agosti 2021

Dada,

Shikamoo.

Utashangaa anuani. Nipo Mbinga, kwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko, tangu jana jioni. Nimekuja na Cuthbert hadi Makambako, kisha basi. Ndani ya basi tulikuwa wawili tu wenye barakoa, mimi na Mhindi mmoja mzee. Abiria wa pembeni yangu aliniuliza kwa upole kama naumwa.

Barua yako niliisoma mwezi wa saba, tukiwa tumefungiwa kwa mara ya tatu. Sikuwa na pa kwenda nayo. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikiwa nimekaa, nikiwa nimeinama sakafuni.

Oktoba ni hivi. Cuthbert alinijia akasema kiti kipo kwenye lori, raia anayerudi kwao anapita Rusumo akiwa na cheti cha kipimo, karatasi zinatoka baada ya siku mbili. Nilikwenda kupima. Majibu yakatoka safi. Nikafunga begi. Halafu usiku huo nikafikiria basi la kutoka Songea, madirisha yamefungwa kwa vumbi, na kanisani, na watu kunishika mikono wote, na nyumba ya Mama yenyewe, na wagonjwa wa kifua ambao uliandika tuwaache. Nikaogopa kwetu. Nikafungua begi nikakuandikia kwamba mpaka umefungwa.

Mpaka ulikuwa wazi. Nimeishi na sentensi hiyo, nikimlaumu kila mtu anayekohoa Tanzania nzima.

Na kuhusu Bibi Mukandori, nilikuomba mimi mwenyewe umsomee Mama. Sijui niandike nini hapo, nimeacha nafasi.

Sasa nimefika na nimekwama. Nimejiwekea siku kumi za kukaa peke yangu chumbani kabla ya kushuka ziwani, kwa ajili ya shangazi Tadea na kwa ajili yako. Hayo ndiyo ninayomwambia mhudumu anayeniletea chai. Lakini leo asubuhi nilisikia kondakta wa gari la ziwani anaita Mbamba Bay, Mbamba Bay, nikajua hata siku kumi zikiisha sitaweza kupanda. Kila nikifika mlangoni naona nyumba haina Mama ndani. Kigali nilikuwa na polisi wa kunizuia. Hapa sina mtu, na bado sitoki.

Barua hii ameichukua Luisa, mama anayeshusha njegere ziwani Jumapili.

Othmar


Ufukweni, Nyasa
17 Agosti 2021

Mdogo wangu Othmar,

Marahaba, baba.

Luisa alinipa barua yako juzi mbele ya watu, ikabidi nikaisomee stoo ya dawa. Shangazi anakusalimu. Amesema umefika nyumbani, Mbinga ni nyumbani, kilichobaki ni mteremko.

Nitakuambia tulipofika sisi na ubishi wetu. Pale zahanati tumetoa mabenchi nje, wagonjwa wanasubiri uani penye upepo. Mimi na Festo tunavaa barakoa, na anayekohoa tunampa. Wachache wanacheka, hakuna aliyekimbilia porini. Mgonjwa mahututi anakaa na ndugu mmoja aliyefunika uso, na ndugu huyo hafukuzwi, hata aje nani. Hatufungi mialo. Wiki iliyopita tumeletewa chanjo chache, nikachanjwa wa kwanza, watu wakitazama kama nitaanguka. Sijui kama ningeyafanya haya Januari Mama angekuwepo. Usiniulize tena na mimi sitakuuliza tena kuhusu mpaka.

Siku kumi zako si vibaya, zimalize. Lakini hutazimaliza peke yako. Alhamisi nina zamu ya mapumziko. Nitapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu nitakuwa hapo nyuma ya soko. Mwambie mhudumu aweke stuli mbili uani, zimeachana kidogo. Nitavaa barakoa na wewe uvae yako. Nitakusimulia mazishi ya Mama, nianze na asubuhi ya tarehe tatu nimalizie na udongo, kila kitu, na nani alishika wapi jeneza, na lilipotajwa jina lako nani aliitikia.

Usipotoka nitaongea hivyo hivyo, kwa sauti, mpaka nimalize. Wenye nyumba watasikia. Wasikie.

Dada yako,
Agripina